Jicho na Akili

Wako wasemao: "Nisichokiona sikifahamu." Na wawatazame watoto wa Pumwani, Nairobi, wachorao sanduku ukutani kwa chaki. Uso wa ukuta una vipimo viwili, urefu na upana, hauna kina. Nasi twaona sanduku! Ibn al-Haytham alikwisha kubainisha katika karne ya 11 kwamba jicho hupokea nuru, bali akili ndiyo ihukumuyo.

Sasa hesabu, ewe msomaji. Mstari una ncha 2, mraba pembe 4, sanduku pembe 8. Kila kipimo kizidipo, hesabu huwa maradufu. Basi umbo la vipimo vinne lina pembe 16. (Kama liko duniani, hilo ni jambo jingine.) Chora masanduku mawili, uunganishe kila pembe na mwenziwe kwa mstari: kivuli chake hicho, ukutani.