Mwalimu wa Madalali wa Ardhi: Tumchagueje?



Katika ziara zetu Bukoba na Muleba tumekutana na vijana wengi wanaojitafutia riziki kwa udalali wa viwanja na nyumba. Kazi hii ni halali na inahitajika. Mtu aishiye Mwanza au Dar es Salaam akitaka kiwanja Kashai au Rwamishenye, humhitaji mwenyeji wa kumwonyesha. Baadhi ya kamati zimetuomba tulipie washauri wa biashara wa kuwafundisha vijana hao. Ombi ni jema, lakini kwanza tuungame kosa letu.

Tuliwahi kumleta mshauri kutoka nje ya mkoa. Alisema vizuri, alikuwa na vyeti, akaahidi kwamba baada ya siku tatu kila kijana angeweza kuuza kiwanja kila wiki. Tukamlipa fedha zote kabla ya somo. Alichofundisha ni namna ya kumharakisha mnunuzi, na namna ya kuweka cha juu bila mwenye mali kujua. Haukupita muda, mama mmoja mjane akatujia analia. Shemeji yake alikuwa anauza kibanja chake, na dalali alikuwa kijana tuliyemsomesha. Halmashauri ya Kijiji ilizuia uuzaji huo, kibanja kikabaki. Hata hivyo kijana alikuwa ameshapokea malipo ya awali na kuyatumia. Mwalimu wake tulimtafuta sisi.

Hapo tulijifunza kwamba mshauri wa madalali apimwe kwa jinsi anavyomlinda mwenye ardhi na mnunuzi, kabla ya kupimwa kwa faida anayoahidi. Kibanja cha Mhaya kina migomba na kahawa, na mara nyingi kina makaburi ya wazazi. Kikiuzwa kwa hila, familia nzima huyumba.

Kabla ya kumlipa mshauri yeyote, kamati ijiulize haya:

1. Anaanza na nini? Mwalimu mwema huanza na sheria na mipaka. Aeleze Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999. Afundishe kwamba kuhamisha haki ya kimila katika ardhi ya kijiji kunahitaji kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Afundishe pia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake.

2. Anaijua Kagera? Mwulizeni habari za Holaria Pastory. Mama huyu alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988 kwa Gervazi Kaizilege, asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Bernardo Ephrahim, wa ukoo huo, alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba, akidai kuwa kwa mila za Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama hiyo ilikubaliana naye, lakini Mahakama ya Wilaya ikatengua. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mila hiyo ni ubaguzi unaokatazwa na Katiba. Mshauri asiyejua shauri hili atawafundishaje vijana kumheshimu mama mwenye shamba lake?

3. Wanafunzi wake wako wapi? Msiridhike na majina mawili aliyoyachagua mwenyewe. Waulizeni pia wauzaji na wanunuzi waliohudumiwa na wanafunzi hao.

4. Anaahidi nini? Hakuna awezaye kuahidi idadi ya mauzo. Aahidi masomo, vitendo shambani na ufuatiliaji.

5. Ana faida gani ya pembeni? Akiwa na viwanja vyake anavyotaka vijana wamuuzie, huyo anatafuta wapiga debe.

6. Analipwaje? Pawe na mkataba wa maandishi na risiti. Sasa sisi hulipa kwa awamu, na awamu ya mwisho hutolewa baada ya kuwatembelea vijana kazini.

Tena, msidhani mwalimu bora lazima atoke mbali. Afisa ardhi wa halmashauri aweza kueleza hati na taratibu. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, hufundisha wajasiriamali wadogo utunzaji wa hesabu. Mzee anayeijua mipaka ya kijiji naye ana somo lake.

Tunamkumbuka Nabothi, aliyekataa kumpa mfalme Ahabu urithi wa baba zake. Waliomdhulumu walikuwa na barua, mhuri na mashahidi. Kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi, panahitajika watu waaminifu.

Maswali ya kujadili katika kamati:
- Je, madalali wa parokia yetu huwaambia wauzaji bei halisi aliyotoa mnunuzi?
- Ni nani kati yetu atakayekwenda kuwauliza wanafunzi wa zamani wa mshauri?
- Mjane au yatima akitishiwa kibanja chake, aanzie kwa nani?

Tuleteeni majibu yenu. Yule mama bado anachuma kahawa kibanjani mwake, na kijana anaendelea kurudisha fedha kidogo kidogo.