Samaki Wafapo Mtoni: Ufuatiliaji wa Maji na Sumu katika Bonde la Mto Mara

Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara, upande wa Tanzania, yaligeuka meusi, na samaki wakaonekana wakielea wamekufa. Wananchi wengi walielekeza shaka yao kwenye migodi ya dhahabu iliyomo bondeni, nao hawakukosa sababu: mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka katika mgodi mmoja mkubwa yakaingia Mto Tigithe, unaomwaga maji yake katika Mto Mara. Safari hii kamati iliyoundwa na serikali ilieleza kwamba chanzo hakikuwa kemikali za mgodini, bali upungufu wa oksijeni uliotokana na kinyesi cha mifugo na kuoza kwa mimea. Maelezo hayo hayakuwaridhisha wote. Makala haya hayakusudii kuliamua shauri hilo. Yanaangalia ni vipimo gani huweza kuamua mashauri ya namna hiyo, na kwa nini hupaswa kuanza kuchukuliwa samaki wakiwa bado hai.

Mto Mara una urefu wa takriban kilomita 395. Huanzia katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, hupita kwenye mashamba na malisho, huvuka hifadhi za Maasai Mara na Serengeti, kisha hupokea vijito kutoka maeneo ya dhahabu ya Tarime kabla ya kutandaa katika kinamasi cha mafunjo na kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Shamba huuachia mto udongo, mbolea na viuatilifu; zizi huuachia kinyesi; mwalo wa mchimbaji mdogo huuachia tope na zebaki. Wanyamapori nao wamo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kwamba kinyesi cha viboko kilichojikusanya katika madimbwi, kikisombwa na maji ya mvua, hushusha oksijeni kiasi cha kuua samaki, hata pasipo na mgodi. Samaki aliyekufa, basi, si ushahidi wa sumu. Lakini kuwapo kwa kinyesi nako si ushahidi kwamba sumu haikuwapo.

Oksijeni au sumu?

Katika mwinuko wa ukanda wa Ziwa Victoria, maji ya mto yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi huweza kubeba takriban miligramu 7 za oksijeni kwa lita. Kiasi hicho kikishuka hadi karibu na miligramu 2, samaki wengi huanza kutweta juu ya maji. Hali huwa mbaya zaidi alfajiri, kwa kuwa usiku mimea ya majini hutumia oksijeni bila kuitengeneza. Mpimaji anayefika saa sita mchana akakuta oksijeni ya kutosha hajathibitisha lolote. Hapa mvuvi mzoefu aweza kuwa na msaada kuliko mashine. Penye upungufu wa oksijeni, kwa kawaida samaki wakubwa hutangulia kufa, ilhali kamongo na kambare, wanaoweza kuvuta hewa, hustahimili. Wakifa hao pia, pamoja na vifaranga na wadudu wa majini, shaka ya sumu huongezeka.

Sampuli za maabara hudai uangalifu ambao mara nyingi hazipewi. Maji ya kupimwa metali kama shaba, risasi na aseniki hutiwa asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2, ili metali zisinase kwenye kuta za chupa. Maji ya kupimwa sianidi hutendewa kinyume kabisa: hutiwa haidroksidi ya sodiamu hadi pH ipande juu ya 12, kisha huwekwa mahali pa baridi. Anayetia asidi katika chupa ya sianidi huigeuza kuwa gesi ya sumu, akahatarisha afya yake na kuipoteza sampuli. Sianidi pia huharibika kwa jua na kutoweka hewani, hivyo chupa iliyojazwa siku kadhaa baada ya tukio yaweza kutoa majibu safi ingawa sumu ilipita. Viuatilifu navyo husombwa zaidi katika saa chache za mvua inayofuata upuliziaji. Ratiba ya kuchota maji mara moja kwa mwezi, bila kujali mvua, yaweza kuvikosa mwaka mzima.

Viumbe kama mashahidi

Hata kemikali zote zikipimwa, madhara yake kwa pamoja hayapatikani kwa kujumlisha namba. Shaba ni sumu kali zaidi katika maji laini kuliko katika maji magumu. Viuatilifu viwili vya jamii ya oganofosfeti, kila kimoja kikiwa kidogo, huweza kuzuia kimeng'enya kilekile cha mfumo wa fahamu. Ndiyo sababu maabara hutumia viumbe hai. Viroboto wa majini waitwao Daphnia, wenye umri usiozidi saa 24, huwekwa katika maji ya mto yaliyozimuliwa kwa viwango mbalimbali, na baada ya saa 48 huhesabiwa walioshindwa kuogelea. Kwa kuwa maji hayo huhakikishwa kuwa na oksijeni ya kutosha, wakidhurika, upungufu wa oksijeni hauwezi kulaumiwa.

Ushahidi wa bei nafuu zaidi umo chini ya mawe. Mabuu ya wadudu wengi huishi mtoni kwa wiki au miezi, na hutoweka hata kama sumu ilipita usiku mmoja tu. Tanzania inao mfumo wake, TARISS, uliotokana na SASS ya Afrika Kusini. Hutoa alama kwa familia za viumbe hao kulingana na uwezo wao wa kustahimili uchafuzi. Unahitaji wavu, trei na jicho lililofundishwa. Alama za kituo kilicho chini ya mgodi au shamba hulinganishwa na za kituo kilicho juu yake, na za miaka iliyotangulia. Pasipo kumbukumbu hizo, kamati yoyote huanza kazi ikiwa imechelewa.

Zebaki na mgonjwa

Zebaki ndiyo inayomhusu tabibu kwa karibu zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 6 za zebaki isokaboni kwa lita, na mto waweza kuwa chini sana ya hapo huku samaki wake wakilimbikiza zebaki ya methili, inayotengenezwa na bakteria katika tope lisilo na oksijeni. Tafiti nyingi za samaki wa Ziwa Victoria zimekuta viwango vilivyo chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, jambo la kutia moyo. Hata hivyo tope la vijito vya machimboni na samaki wa kinamasi wanastahili kupimwa kwa nafsi zao.

Kwa binadamu, kipimo hutegemea njia ya kuathirika. Anayechoma dhahabu huvuta mvuke, na mkojo wake ndio hupimwa. Mla samaki hupata zebaki ya methili, ambayo husomwa katika nywele, na kwa mjamzito hupita kwenye kondo hadi kwenye ubongo wa mtoto. Katika kliniki ya wajawazito iliyo kandokando ya mto huo, kwa hiyo, yafaa kadi iandikwe maji ya nyumbani huchotwa wapi, dhahabu huchomwa wapi, na ni samaki gani huliwa mara ngapi kwa wiki, pamoja na jina la kituo cha upimaji wa maji kilicho karibu na kijiji chake.