SOMO LA BUSTANI: TUSING'OE KILA MMEA WENYE MAZIWA

Wengi wetu hapa Gatete tulirudi kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu kuanzia mwaka 2008, na mashamba tuliyo nayo ni madogo. Ndiyo maana tunapalilia mpaka ukingoni, tukidhani kila mmea usioliwa ni adui. Leo tujifunze jambo moja.

Tuanze na michikichi yetu ya Rumonge. Inazaa vizuri kwa sababu vidudu vidogo, jamii ya fukusi, hubeba chavua kutoka maua dume mpaka maua jike. Kule Malaysia michikichi ilipandwa bila vidudu hivyo, na watu wakawa wanachavusha kwa mikono, mpaka vilipopelekwa kutoka Kameruni mwaka 1981. Kumbe mdudu naye ni mfanyakazi!

Maboga na matango nayo yanahitaji nyuki. Lakini maua ya shambani yakiisha, nyuki watakula nini? Hapo unasaidia mmea ule wa njiani, wenye majani membamba na matunda kama vifuko vya hewa vyenye miiba laini. Ukiuvunja unatoa maziwa. Maua yake hulisha nyuki na vipepeo. Tena kipepeo wa rangi ya machungwa, mwenye ncha nyeusi za mabawa, hutaga mayai kwenye mimea ya jamii hiyo. Kiwavi wake ana mistari myeusi, myeupe na ya njano. Tusimuue, kwa maana hali maharage wala mihogo.

Tufanye hivi:

1. Tunda likipasuka, tuchukue mbegu zenye nyuzi nyeupe, tuzipande mvua zinapoanza.
2. Miche miwili au mitatu yatosha, ukingoni pasipolimika, mbali na mbuzi na watoto.
3. Tusipulize dawa juu yake, wala juu ya mazao yaliyochanua.

Angalieni: maziwa yake ni sumu. Yasiingie machoni, mnyama asilishwe, wala mtu asiyanywe kama dawa. Ukiyagusa, nawa kwa sabuni. Sumu hiyohiyo hubaki mwilini mwa kiwavi, ndiyo maana ndege wengi humwacha.

Swali la kujadiliana nyumbani: ukingoni mwa shamba letu, ni mmea gani tuliung'oa kabla ya kuijua kazi yake?