KWA NINI RIBA YA BENKI HUPANDA

Watu wengi huuliza kwa nini mkopo wa benki huwa ghali wakati ule ule ambapo mkulima na mfanya biashara wana shida kubwa ya fedha. Wengine hudhani ni choyo tu. Yafaa jambo hili lielezwe.

Fedha nyingi zikopeshwazo na benki si mali yake. Ni akiba za watu, nao waweza kuzidai. Kwa hiyo, katika kupanga riba, benki huhesabu malipo ya wenye akiba, gharama za kazi, faida yake, kupungua kwa thamani ya shilingi, na hofu ya kutolipwa. Mambo haya mawili ya mwisho huongezeka upesi hali ya mambo isipotabirika, kwa maana hakuna ajuaye ni nani atakayeweza kulipa.

Hayo yalionekana Kenya mwaka 2011. Mvua zilikosekana, mafuta yakawa ghali, na dola moja ikapita shilingi 100. Mwezi wa Novemba bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa zaidi ya asilimia 19 katika mwaka mmoja. Ili kuizuia hali hiyo, Benki Kuu iliipandisha riba yake kutoka chini ya asilimia 6 mwanzoni mwa mwaka hata kufikia 18 mwezi wa Desemba. Benki za biashara zikafuata. Mtu akopaye Shs. 10,000 kwa mwaka mmoja hulipa riba ya Shs. 1,400 kwa asilimia 14, lakini Shs. 2,000 kwa asilimia 20.

Mwaka 2016 sheria iliamuru kwamba riba ya mkopo isizidi ile ya Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Nia ilikuwa njema, lakini hofu haikuondoka. Benki nyingi zilipendelea kuikopesha Serikali, na wenye maduka madogo wakanyimwa mikopo. Sheria hiyo iliondolewa mwezi wa Novemba, 2019.

Basi, kabla ya kutia sahihi, mkopaji na aulize kama riba yaweza kubadilika, na ahesabu kama ataweza kulipa ikipanda. Tena aandike hesabu za biashara yake kila siku, kwani daftari safi huipunguzia benki mashaka.