Jina Lake Nani? Somo kutoka Makumbusho ya Dk. Guislain



Tulipokuwa katika mazoezi ya kichungaji, tulialikwa kusali katika familia moja yenye kijana mgonjwa wa akili. Tulimkuta amefungwa mguu kwa mnyororo kwenye nguzo ya jiko la nje. Tulisali rozari, tukamnyunyizia maji ya baraka, tukanywa chai tuliyoandaliwa, tukaaga. Hakuna aliyeuliza habari za mnyororo ule. Tulikuwa tumekaribia kufika seminarini frateri mmoja aliposema: “Hata jina lake hatukuuliza.”

Neno hilo lilituchoma. Tulianza kusoma namna Kanisa lilivyowahudumia wagonjwa wa akili zamani, na katika kusoma tukakutana na habari za makumbusho yaliyoko Ghent, nchini Ubelgiji. Hatujafika huko, lakini tumeona tuwashirikishe yale tuliyojifunza.

Makumbusho ya Dk. Guislain yalianzishwa mwaka 1986 ndani ya majengo ya hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa mwaka 1857. Mwanzilishi wake ni Bruda René Stockman wa Shirika la Mabruda wa Upendo. Katika eneo hilohilo wagonjwa bado wanatibiwa hadi leo. Anayekuja kutazama historia anaweza kupishana njiani na mtu ambaye historia hiyo inamhusu.

Shirika hilo lilizaliwa mjini humo mwaka 1807 kwa juhudi za padre Peter Joseph Triest. Wakati huo wanaume wenye magonjwa ya akili waliwekwa chini ya ngome ya kale, gizani, wengine wakiwa na minyororo. Ngome yenyewe iliitwa kwa jina la Gerard, mtu aliyepewa lakabu ya Ibilisi. (Jina hilo peke yake lingemtisha hata mzima.) Mwaka 1815 mabruda wa Triest walikabidhiwa watu hao. Mwaka 1828 akaja daktari kijana, Joseph Guislain, na padre na daktari wakafanya kazi pamoja. Minyororo ikaondolewa, wakaandika kanuni za kuwatunza wagonjwa, wakawapa kazi za mikono, usafi na utaratibu wa siku. Guislain pia alichangia sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1850 kuhusu watu hao. Hospitali ya 1857 ilijengwa kwa mawazo yake, pembezoni mwa mji, ikiwa na bustani na hewa safi. Yeye alifariki mwaka 1860.

Ingekuwa rahisi kumaliza hapo na kuwasifu wenzetu wa zamani, lakini historia inayotunzwa katika nyumba hiyo haiturahisishii. Katika kitabu chake cha mwaka 1826, Guislain huyohuyo alichapisha mchoro wa kizimba cha chuma cha kumzamisha mgonjwa majini kwa ghafula, kwa imani kwamba mshtuko ungemrudishia akili. Mtu mwema, msomi, mwenye huruma! Tuliutafakari mchoro huo kwa muda mrefu kuliko jambo lingine lolote, kwa sababu sisi nasi tuliingia katika nyumba ile tukiwa na nia njema. Nia njema haikutuzuia kumpita mtu.

Upande mwingine wa makumbusho ni sanaa. Humo zimo kazi za watu ambao hawakusomea uchoraji, wengi wao wakiwa wamepitia ugonjwa wa akili. Mmoja ni Willem van Genk wa Uholanzi, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2005. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa Gestapo walikuja kumtafuta baba yake, wakampiga yeye kijana. Maisha yake yote aliandamwa na hofu. Alichora miji mikubwa yenye vituo vya treni, nyaya na umati wa watu, akaunda mabasi ya umeme kwa takataka, akakusanya makoti marefu ya mvua kwa mamia. Daktari angeandika jina la ugonjwa kwenye faili na asikosee. Lakini ukiangalia michoro yake unaona mtu anayejua miji, anayeogopa, anayetamani kusafiri. Faili halisemi hayo.

Hapa tunarudi kwenye Injili. Katika Marko 5:1-20 watu walijaribu mara nyingi kumfunga yule Mgerasi kwa pingu na minyororo, naye akaikata. Alikaa makaburini akijikatakata kwa mawe. Wenzake walikuwa na jibu moja tu: mnyororo imara zaidi. Bwana ndiye anayeuliza jina. Na mwishoni, mtu yule anapoomba kumfuata, Yesu anamrudisha nyumbani kwa jamaa zake, maana uponyaji wake ulihitaji pia ukoo umpokee.

Najua (tuseme, tunajua, maana tulibishana sana darasani) kwamba wengine watauliza: je, si pepo? Kanisa halikani kuwapo kwa yule mwovu. Lakini Kanuni 1172 ya Sheria za Kanisa hairuhusu mtu yeyote kuwapunga pepo waliopagawa bila idhini maalumu na ya wazi ya Askofu mahalia, naye humpa padre mcha Mungu, mwenye elimu na busara. Kumchelewesha mgonjwa kwa mikesha huku dawa zipo si imani kubwa. Mabruda haohao wa Ghent wanaendesha hospitali ya Ndera karibu na Kigali na kituo cha Kamenge mjini Bujumbura, na huko sala na sindano haziviziani.

Tulirudi kwa familia ile tukiwa na muuguzi wa zahanati. Safari hii tuliuliza. Mama alituambia jina la mwanawe, kisha akalia, akasema alimfunga baada ya kumkuta usiku katikati ya barabara kuu, magari yakimpita huku na huku. Hakumfunga kwa chuki. Hakuna aliyewahi kumwonyesha njia nyingine, wala jumuiya yetu haikuwahi kumpokea zamu walau usiku mmoja ili alale. Kijana sasa anatumia dawa. Zikikosekana zahanati, hali hurudi, na mara moja mnyororo ulirudi pia.

Kwa kikao kijacho cha jumuiya, someni Marko 5:1-20 polepole, kisha muulizane: katika kanda yetu, ni nyumba gani tunayopita haraka, na nani atakwenda kukaa na mama huyo Jumamosi hii?