Je, 4,294,967,297 ni Namba Tasa?

Swali: Mwalimu, nimeigawa 4,294,967,297 kwa 2, 3, 5, 7, 11 na 13, na kila mara kinabaki kitu. Naweza kusema ni namba tasa?

Jibu: Usiseme hivyo bado. Namba hii ni 2³² + 1, nayo ilimponza hata mwanahisabati Pierre de Fermat. Ndugu zake wadogo 3, 5, 17, 257 na 65,537 (yaani 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kisha ongeza 1) wote ni tasa, akaamini na huyu ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaipasua: 641 × 6,700,417.

Kwa njia yako ungeifikia 641 kwenye jaribio la 116. Euler alijua jambo la kukata njia: kila kigawo tasa cha namba hii, ukikitoa 1, kinagawanyika kwa 64. Tasa za namna hiyo zinaanza na 193, 257, 449, 577, kisha 641. Majaribio matano!

Tena unaweza kuthibitisha bila kugawa kabisa, na hapo ndipo penye utamu. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Kwa hiyo, ukihesabu mabaki ya kugawa kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴, basi −2³² ni sawa na 1. Yaani 2³² + 1 haibakizi kitu.

Baada ya 65,537, hakuna tasa nyingine ya ukoo huu iliyopatikana hadi leo.