Kabla ya Kumpeleka Mtoto Kituoni

Hapa Babati mjini siku huanza mapema. Mama lishe wa stendi anawasha moto kabla ya adhana. Msimu wa kuvuna mbaazi, akina mama wa Bonga na Sigino wako shambani kutwa nzima. Na mtoto wa miaka mitatu je, anabaki na nani? Wengine huachiwa dada mwenye umri wa miaka minane, ambaye naye alipaswa kuwa shuleni. Wengine hufungiwa ndani na jiko la mkaa likiwa bado lina moto. Hilo la mwisho tunalisema wazi: ni hatari ya kifo, maana moshi wa mkaa huua kimyakimya.

Ndiyo maana vituo vya kulelea watoto mchana vimekuwa vingi mjini kwetu. Wengine huviita chekechea, wengine dekea. Si jambo geni. Miaka ya 1970 vijiji vingi vya ujamaa vilikuwa na vituo vya watoto, na akina mama wa UWT ndio waliokuwa mstari wa mbele kuvihimiza. Mwaka 1981 ikatungwa sheria ya vituo hivyo. Leo tunaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani. Inasema kituo lazima kisajiliwe. Kwa hapa mjini, wa kumwuliza ni afisa ustawi wa jamii katika Halmashauri ya Mji wa Babati. Kumwuliza hakuna malipo.

Tusichanganye kituo na darasa la awali. Darasa la awali liko katika shule ya msingi, ni la mtoto wa miaka mitano hivi, na katika shule za serikali halina ada. Kituo ni cha wadogo zaidi, nao hawahitaji masomo bali malezi.

Haya, sasa tufike kituoni. Usiende siku uliyoalikwa. Nenda saa nne asubuhi, siku ya kawaida, bila kutoa taarifa. Kwanza omba kuona cheti cha usajili, ukisome wewe mwenyewe. Jina lililo kwenye cheti ni la kituo hiki, au ni la kingine? Mahali palipoandikwa ni hapa? Tarehe inasemaje? Wapo wenye cheti cha kituo cha mtaa mwingine, wakakitundika ukutani wakijua hakuna atakayekisoma. Wewe umehitimu kisomo, basi soma hadi mstari wa mwisho. Ukiambiwa, "Cheti kiko kwa mkurugenzi, amesafiri," rudi akisharudi.

Halafu tazama choo. Sisi huanza na choo kabla ya darasa, kwa sababu ukuta uliochorwa maua humvutia mzazi, lakini tundu la choo la watu wazima humtisha mtoto, na anaweza kutumbukia. Je, kuna maji ya kunawa na sabuni? Maji ya kunywa yanatoka wapi? Swali hili lina uzito kwetu, maana baadhi ya maji ya Bonde la Ufa yana madini ya floridi mengi. Mtoto akiyanywa miaka ile meno yanapojengeka, meno huota yakiwa na madoa ya kahawia, na kuyachemsha hakuyaondoi madini hayo.

Kuna uzio? Barabara kuu ya kwenda Arusha na Dodoma inapita katikati ya mji, malori hayalali. Na walio karibu na Ziwa Babati wanajua wenyewe habari za viboko, na kichocho pia.

Sasa mtazame mlezi. Watoto wangapi wako mikononi mwake? Mhesabu. Mtu mmoja na watoto arobaini wa miaka miwili, huyo halei, analinda tu. Mtoto akilia, mlezi anainama kumsikiliza au anaokota fimbo? Ukiona fimbo mezani, usingoje maelezo. Mlezi mzuri naye atakuhoji: atataka kadi ya kliniki aone kama mtoto amepata chanjo zote mbili za surua, ya miezi 9 na ya miezi 18. Atauliza nani ataruhusiwa kumchukua mtoto jioni, na kuandika jina lake daftarini. Kituo kinachomkabidhi mtoto kwa yeyote anayesema "mimi ni mjomba wake" hakifai, hata kama uji wake una maziwa.

Wazazi wengi wanapenda kituo ambacho mtoto wa miaka mitatu anarudi na daftari limejaa a, e, i, o, u. Sisi hatuoni sifa hapo. Vidole vyake bado havijakomaa kushika kalamu. Udongo wa kufinyanga, mpira wa matambara, nyimbo na hadithi humfundisha zaidi, na usingizi wa mchana pia.

Tuje kwenye fedha. Hesabu hii ni ya mfano tu. Tuseme mama anauza chai na chapati, anapata faida ya shilingi 6,000 kwa siku, siku 24 kwa mwezi. Hiyo ni 144,000. Kituo cha kwanza ada yake ni 35,000 kwa mwezi, chakula 500 kwa siku, na bodaboda 1,000 kwa siku. Kituo cha pili kinadai 45,000, chakula kimo, na mama anapita hapo kwa miguu akienda kazini. Kipi ni rahisi? Chukua kalamu kabla ya kujibu. Na bodaboda inayopakia watoto wanne, hata ingekuwa bure, tusingeipanda.

Ukishalipa, dai stakabadhi. Wiki za kwanza mtoto kulia asubuhi ni kawaida. Lakini akianza kukojoa kitandani tena, au akimwogopa mtu fulani, au ukiona alama mwilini, usimkaripie. Msikilize, mpeleke hospitali, toa taarifa kwa ustawi wa jamii au dawati la jinsia polisi. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bila malipo.

Maswali kwa kikundi: Kila kituo kitamgharimu mama yule shilingi ngapi kwa mwezi, na atabakiwa na ngapi? Mtaani kwenu kuna vituo vingapi, na vyeti vya vingapi mmevisoma kwa macho yenu? Baba wa mtoto alikwenda kukiona kituo, au alituma tu ada?